Kuoka elektrodi za kioo (ITO, FTO na AZO) bila kuziharibu: hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila mara kuhusu ITO, utando unaopitisha umeme juu ya kioo, ni hili: "nimeweka ITO yangu kwenye tanuri nyuzi 400 nikategemea ipitishe umeme vizuri zaidi, nimeitoa inapitisha vibaya kuliko mwanzo, nimekosea wapi?" Na mwingine anasema yeye kafanya nyuzi hizohizo na yake ikawa nzuri. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao haiko kwenye namba ya joto, iko kwenye hewa iliyokuwa ndani ya tanuri, na hicho ndo kitu nataka ukishike kabla hujawasha chochote: joto linafungua mlango tu, anayeingia au kutoka ni oksijeni.

Hapa nikisema kuoka namaanisha kuipasha filamu moto taratibu, kuiacha kwenye joto hilo kwa muda, halafu kuipoza taratibu. Filamu ni ule utando mwembamba ulio juu ya kioo, kwa kawaida nanomita 100 mpaka mia kadhaa hivi, unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja.

NADHARIA KIDOGO TU

ITO ni oksaidi ya indiamu iliyochanganywa na bati, mara nyingi asilimia 90 kwa 10 kwa uzito. Elektroni zake zinatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni bati lililokaa kwenye nafasi ya indiamu. Ya pili ni matundu, yaani sehemu ambapo oksijeni ilitakiwa iwepo haipo, na kila tundu linaweza kuachia elektroni mbili. Sasa ukipasha moto filamu iliyotengenezwa bila joto, ambayo mara nyingi atomi zake zimekaa ovyoovyo, kuanzia kama nyuzi 150 mpaka 200 zinaanza kujipanga kuwa fuwele, bati linakaa mahali pake linaanza kutoa elektroni, na ukinzani unashuka. Hiyo ni faida. Lakini kama ndani ya tanuri kuna hewa ya kawaida, oksijeni nayo inaingia inaziba yale matundu, elektroni zinapungua, ukinzani unapanda. Kwahiyo kuna vitu viwili vinavutana, na kwenye hewa ukipita nyuzi 300 hivi mara nyingi kile cha pili ndo kinashinda.

FTO ni oksaidi ya bati yenye florini, na elektroni zake zinatoka kwenye florini zaidi kuliko kwenye matundu, ndo maana inavumilia hewa. Watu wa seli za jua zinazotumia rangi kunasa mwanga wanaioka mpaka nyuzi 450 au 500 pamoja na titaniamu dioksaidi juu yake na inabaki nzima. AZO, oksaidi ya zinki yenye alumini, ndo dhaifu kuliko zote mbele ya oksijeni, kwasababu oksijeni inajibandika kwenye mipaka ya chembe na kuzuia elektroni zisivuke.

Bas, nadharia inatosha.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Vipande visivyopungua vinne kutoka kioo kimoja. Sio vioo vinne tofauti, kioo kimoja kilichokatwa.
- Tanuri linaloweza kupanda kwa mwendo unaoupanga wewe. Kama utatumia gesi liwe la mrija wa kwazi lenye vifuniko vinavyobana.
- Themokapo (kipima joto cha waya) ya ziada, aina ya K inatosha.
- Nitrojeni safi, au mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 ndani ya nitrojeni, au pampu ya ombwe, yaani ya kunyonya hewa yote itoke. Kama huna hata kimoja bado unaweza kufanya kazi, ila usipande sana, nitaeleza.
- Kipimo cha pini nne. Multimita peke yake haitoshi.
- Spektrofotomita, yaani kipimo cha mwanga unaopita, kwa mwanga unaoonekana, hata ya kuazima.
- Sabuni ya maabara, maji yaliyoondolewa chumvi, asetoni, isopropano, kibanio cha ncha laini, glavu zisizo na unga.
- Kalamu ya almasi ya kuchora kioo.
- Daftari. Nasema kweli, daftari.

Halafu jua kioo chako ni cha nini. Kioo cha kawaida kama cha dirisha (slaidi nyingi za hadubini ni hichohicho) usikipitishe nyuzi 500, kikifika 550 kinaanza kulegea na kupinda. Tena kina sodiamu, na joto kubwa linaisukuma ipande mpaka ndani ya filamu, ndo maana vioo vizuri vinakuja na tabaka la silika katikati. Borosiliketi inastahimili mabadiliko ya ghafla vizuri zaidi manake inatanuka kidogo, kama theluthi ya kioo cha kawaida. Kama filamu yako iko juu ya plastiki ya PET ukomo wako ni nyuzi 150 hivi, na hiyo ni ile PET iliyotayarishwa kwa joto, ya kawaida inajikunja mapema kabla ya hapo.

HATUA

1. Kata, weka alama, acha shahidi

Kata kioo upate vipande vinne, andika namba kwa kalamu ya almasi kwenye pembe ya upande USIO na filamu. Usiandike kwa maka, wino unaungua unakuwa moshi na moshi unakaa kwenye filamu. Kipande namba 1 hakiingii kwenye tanuri kabisa, huyo ni shahidi wako. Wengi wanaruka hapa kwasababu wanaona ni kupoteza kipande, halafu wiki mbili baadaye wanashindwa kujua kama filamu imebadilika au kipimo ndo kimebadilika.

Usikwangue wala kusaga filamu ikiwa kavu. Vumbi la ITO ni hatari kwa mapafu, kuna ugonjwa kabisa unaojulikana wa wafanyakazi waliolivuta viwandani. Kata taratibu, futa kwa kitambaa chenye maji.

2. Tafuta upande wa filamu

Gusa kwa multimita upande mmoja halafu wa pili. Unaosoma makumi au mamia ya ohm ndo wenye filamu, mwingine hautasoma kitu. Ni jambo la sekunde tano, na nimeshaona mtu kaoka, kapima, kalalamika siku mbili nzima, kumbe kapima kioo kitupu.

3. Kama unataka kuchora mchoro, chora SASA

Kuchora hapa ni kuondoa filamu kwa asidi sehemu usizozitaka. ITO ambayo haijawa fuwele inayeyuka kwenye asidi dhaifu kama ya oksaliki. Ukishaioka ikawa fuwele hiyo asidi haifui dafu tena, itabidi uende kwenye asidi kali ya haidrokloriki na hapo kingo zinaharibika na kile kifuniko kinacholinda sehemu unazotaka zibaki kinaweza kubanduka. Kama ITO yako ilinunuliwa tayari imeshapitia joto kiwandani hatua hii haikusaidii, ila kama umeitengeneza mwenyewe bila joto, hii itakuokolea kazi nyingi sana.

4. Osha

Sabuni, maji yasiyo na chumvi, asetoni, isopropano, kwa mpangilio huo, dakika 10 kila moja kwenye bafu la ultrasoniki. Kausha kwa kupuliza nitrojeni, usiache ikauke yenyewe manake tone likikauka linaacha mduara, na ule mduara ukishaokwa hautoki. Shika pembeni tu. Alama ya kidole ina mafuta na chumvi, ukiipeleka nyuzi 300 inageuka picha ya kudumu ya kidole chako, nimeshaiona kwa macho, mistari yote inaonekana ukikiinamisha kioo kwenye mwanga.

5. Pima kabla

Kwa pini nne, peleka mkondo kwenye pini mbili za nje, soma volti kwenye mbili za ndani, gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa 4.532. Jibu ni ohm kwa mraba, yaani ukinzani wa kipande cha mraba cha filamu. Mfano: mkondo miliampia 1, umesoma milivolti 5, hiyo ni ohm 5, mara 4.532 unapata kama 22.7 ohm kwa mraba. Kama filamu ina unene wa nanomita 150 zidisha kwa unene huo ukiwa kwa sentimita (0.000015) unapata ukinzani wa mata yenyewe, kama 0.00034 ohm-sentimita. ITO nzuri iko karibu na 0.0001 mpaka 0.0002, kwahiyo hapo unaona bado kuna nafasi ya kushuka.

Ile 4.532 ni ya sampuli kubwa sana ukilinganisha na nafasi kati ya pini. Kipande kikiwa kidogo namba inapungua, tafuta jedwali la marekebisho, au angalau pima vipande vya ukubwa uleule mahali palepale katikati ili ulinganisho wako uwe wa haki. Pima sehemu tano, andika zote tano.

Pima na mwanga pia, nanomita 400 mpaka 800. Amua mwanzoni kama unalinganisha na hewa au na kioo kitupu, halafu usibadilishe. Kioo kitupu chenyewe kinapitisha kama asilimia 92, kwahiyo aliyelinganisha na hewa na aliyelinganisha na kioo wanaweza kubishana hadi kesho na wote wana filamu ileile.

6. Panga ndani ya tanuri

Filamu iangalie juu, kipande kikae juu ya sahani ya alumina au mashua ya kwazi, sio juu ya bati la chuma. Ncha ya themokapo ya ziada iwe karibu kabisa na kipande. Skrini ya tanuri inakwambia joto la mahali ilipo sensa yake, na katikati ya mrija na pembeni joto linaweza kupishana sana. Ukikuta tofauti, andika joto la kipande, hilo ndo la kweli.

7. Badilisha hewa

Hapa ndo pa kutulia, manake matokeo mengi mabaya yanazaliwa hapa. Mrija wa urefu sentimita 100 na upana wa ndani sentimita 5 una ujazo wa kama lita 2. Ukipitisha nitrojeni nusu lita kwa dakika, dakika 20 umepitisha lita 10, yaani umebadilisha mara tano. Unaona nyingi eeh? Lakini gesi inachanganyika inapoingia, haisukumi hewa yote mbele kama pistoni, kwahiyo baada ya mara tano bado inaweza kubaki kama asilimia 0.7 ya ile hewa ya mwanzo. Ukienda dakika 40, mara kumi, inabaki chini ya asilimia 0.005. Hizo dakika 20 za ziada kwa AZO ndo tofauti ya filamu na takataka. Kama una pampu, vuta ombwe, jaza nitrojeni, rudia mara tatu, ni haraka na ni bora zaidi.

Tahadhari: gesi inayotoka iende nje ya chumba kwa bomba. Nitrojeni haina harufu, inaondoa oksijeni ya kupumua bila wewe kujua. Na haidrojeni usitumie ile tupu, inaweza kulipuka, na pia inakula oksijeni ya filamu mpaka ibaki indiamu na bati kama chuma, kijivu, na hiyo hairudi.

8. Panda taratibu

Nyuzi 5 kwa dakika ni mwendo salama kwa kioo. Filamu na kioo havitanuki sawa, ukipanda kwa pupa nyufa zinatokea, na nyufa nyingine hazionekani kwa macho ila pini nne zinaziona.

9. Shikilia

Hizi ndo sehemu ninazoanzia mimi:

- ITO juu ya kioo, hewa ya kawaida: 200 mpaka 250, dakika 30. Usiende juu zaidi bila sababu.
- ITO juu ya kioo, nitrojeni au mchanganyiko wa haidrojeni: 300 mpaka 350, dakika 30.
- ITO juu ya PET: 130 mpaka 150, saa nzima.
- FTO: hewa inatosha, mpaka 450 au 500, dakika 30. Usitegemee iboreke sana, ilishatengenezwa kwenye joto kubwa. Unaioka kwasababu ya kitu kilicho juu yake.
- AZO: mchanganyiko wa haidrojeni au ombwe, 300 mpaka 400. Kwenye hewa ya kawaida ningekushauri usipite 150.

Usichukue hizi kama amri. Filamu ya mtu mmoja ilitoka kwenye mashine ikiwa na oksijeni nyingi, ya mwingine kidogo, haziwezi kutaka kitu kimoja. Tumia vipande vyako vitatu kwenye joto tatu tofauti, mfano 200, 275, 350, hewa ileile, muda uleule. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati.

10. Poza, na usifungue

Zima, acha gesi iendelee kupita, ondoka ukafanye kazi nyingine. Usifungue mpaka themokapo ya kipande isome chini ya nyuzi 100. Mtu anafanya kila kitu vizuri, nitrojeni safi, saa nzima, halafu nyuzi 300 anafungua mrija kwasababu anataka kuwahi, na ule upepo wa chumba unaingia kwenye filamu ikiwa bado ina moto, inanyonya oksijeni hapohapo. Kazi yote imerudi kuwa ya hewa ya kawaida. Niliwahi pia kukichukua kioo kikiwa moto kwa koleo la chuma baridi, kikalia "tii" kama sindano imedondoka, ufa umekatiza kutoka pale koleo lilipogusa mpaka kona ya pili, na ndicho kilikuwa kipande bora cha siku hiyo.

11. Pima tena

Siku hiyohiyo, sehemu tano zilezile, na shahidi namba 1 umpime pia. Kama shahidi kabadilika, kipimo chako ndo kina shida, sio filamu.

Ili usidanganywe na namba moja tumia kipimo cha Haacke cha mwaka 1976: chukua sehemu ya mwanga unaopita (asilimia 80 ni 0.8), ipandishe kwa kipeo cha 10, gawanya kwa ukinzani wa mraba. Tuseme kabla ulikuwa na asilimia 80 na ohm 22.7, unapata kama 0.0047. Baada ya kuoka asilimia 86 na ohm 15, unapata kama 0.0148, mara tatu zaidi. Kile kipeo cha 10 kinaadhibu vikali filamu yenye giza, na mi nakipenda kwasababu kuna watu wanasherehekea ukinzani mdogo wakati filamu yao imekuwa ya kahawia.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kupima kwa multimita sindano mbili na kusema "ohm kwa mraba". Hapo umepima na mguso wa sindano pia. Kama huna pini nne, kata kipande kirefu, paka rangi ya fedha kwenye ncha zote mbili kwa upana wote, pima, zidisha kwa upana gawanya kwa urefu. Sio kamili ila ni ya kweli zaidi. Hiyo rangi ipake baada ya kuoka na kwenye kipande cha kupimia tu.

Kuoka sampuli ya leo kwenye tanuri ambalo jana mtu mwingine kaokea kitu chenye polima au salfa. Oka tanuri tupu kwanza.

Kubadilisha joto na muda na gesi kwa mpigo, halafu kuuliza kipi kimesaidia. Hakuna atakayeweza kukujibu.

IKIKATAA

Ukinzani umepanda sana, filamu iko safi na inang'aa: oksijeni imeingia. Rudia nyuzi 300 kwenye mchanganyiko wa haidrojeni au ombwe dakika 30, kwa ITO mara nyingi sehemu kubwa inarudi. Halafu kagua vifuniko, kuna mahali panavuja.

Ukinzani umeshuka lakini filamu ina kahawia: imekosa oksijeni kupita kiasi. Ioke kwenye hewa ya kawaida nyuzi 200 mpaka 250, dakika 10, pima, ongeza kidogokidogo. Inapendeza kuiona, kipande kinaingia na rangi ya chai ya rangi kinatoka kama hakuna kitu juu yake.

Imekuwa kijivu kama chuma na ina vitone: imegeuka metali, tupa, punguza haidrojeni na joto.

Ina ukungu mweupe: kagua usafi kwanza, halafu sodiamu kwenye kioo kisicho na tabaka la silika. Kama ni FTO, kuna aina zinakuja na ukungu wake tangu mwanzo, mwangalie shahidi.

Sehemu tano zinapishana sana: kama pembeni ni mbaya kuliko katikati, joto halikuwa sawa au kipande kilikuwa nje ya kitovu cha mrija. Kama zinapishana bila mpangilio tafuta nyufa kwenye hadubini.

Ilikuwa nzuri, baada ya wiki imeharibika: hii ni AZO karibu kila mara, inanyonya unyevu na oksijeni hata ikiwa baridi. Itunze kwenye kisanduku kikavu na uifunike mapema na tabaka linalofuata.

Hakuna kilichobadilika kabisa: ama filamu ilishakuwa fuwele toka kiwandani, ama joto la kipande halikufika pale skrini ya tanuri ilipokwambia limefika. Weka themokapo juu ya kioo chenyewe, urudie.